Jina la Mwanaidi Lilinibakia Kidoleni

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mkazi wa Malindi, niliyeachika na sina mtoto. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi, mlango mmoja tu, upande wa mji wa kale. Haya nawaandikia kwa kalamu, ingawa nina mashine mbili za kuchapa hapa mbele yangu. Mkisoma mtajua kwa nini.

Jina langu ni Zuhura. Wateja huniita Zuhura Karatasi, na zamani nilikuwa nikiitikia kwa mbwembwe, shingo nimeipinda! Leo nikiitwa hivyo natamani ardhi inifiche.

Nilikuwa hodari jamani, hilo nalisema bila haya. Karatasi nyembamba ya ofisini, manila ya kadi za harusi, karatasi ya picha inayong'aa, ya stika... zote nilizijua kwa kuzigusa tu. Mteja akiniletea karatasi yake iliyoingia unyevu wa baharini, namrudishia palepale na kumwambia akaifungie vitumbua. Ulimi wangu ulikuwa mkali hivyo. Mtu akijaribu kunielekeza kazi, namwuliza kama mashine hii aliizaa yeye.

Printa yangu ya wakati ule ilikuwa ndogo, yenye wino wa unga. Unga ule hautulii kwenye karatasi mpaka upite penye moto mle ndani ya mashine. Karatasi ya kawaida yatosheka na moto kidogo. Manila yataka moto zaidi na mwendo wa polepole, kwa hivyo huingizwa kwa nyuma, moja moja, na kwenye kompyuta sharti uchague kwamba ni karatasi nene. Usipochagua, mashine hudhani umeipa karatasi nyembamba. Kazi itatoka, itaonekana nzuri... lakini maandishi yamekaa juujuu tu, hayajashika.

Hayo niliyajua vizuri kabisa. Sikukosa kwa kutojua, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Sasa niwaeleze Mwanaidi ni nani.

Mwanaidi alikuwa rafiki yangu tangu tulipokuwa wadogo katika chuo cha Kurani, tukigawana ubao mmoja. Nilipoachwa na mume wangu, watu walinikalia mbali kana kwamba kuachika kunaambukiza. Yeye alikuja kila asubuhi ya eda yangu na mahamri yaliyofungwa kitambaa, akakaa nami, wala hakuniuliza lolote. Nilipofungua duka, yeye ndiye aliyepiga deki sakafu hii kabla meza haijaingia. Sikuwa na dada, lakini kwa Mwanaidi sikulihisi pengo hilo.

Yeye alilelewa na Ami Shee, mzee wa Kibajuni aliyekuja kutoka visiwani zamani, mshona kofia. Mamake Mwanaidi alifariki katika uzazi, na Ami Shee na mkewe, ambao hawakujaaliwa mtoto, wakamchukua angali mchanga. Mke alipofariki, wakabaki wawili. Mzee alipovimba miguu hata akawa hawezi kusimama muda mrefu, Mwanaidi alikataa posa mbili, akisema atamwachia nani baba yake?

Lakini kwa dini yetu mtoto wa kulea hana fungu katika mirathi. Akiachiwa kitu, ni kwa wasia tu, na wasia una mpaka wake. Ami Shee alilijua hilo na lilikuwa likimnyima raha.

Asubuhi moja akaja dukani kwangu, mkongojo mkononi, anatweta. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba mwanangu, akakaa. Akatoa karatasi aliyoiandika kwa mkono. Nyumba yake iendee warithi kama sheria isemavyo, lakini vyumba viwili vya nyuma na ua wake viwe vya Mwanaidi. Akanisihi nisimwambie mtu, hata Mwanaidi mwenyewe, kwa sababu hakupenda mambo ya nyumbani mwake yatangazwe kabla ya wakati wake.

Nikaipiga chapa. Nilipotaka kuichapisha kwenye karatasi ya kawaida, akanizuia. Karatasi ile nyembamba, alisema, yalegea na hewa ya bahari, baada ya mwaka haifai hata kufungia karanga. Alitaka ile nene, rangi ya maziwa, ya kadi za harusi. Wazee wengi hapa kwetu ni hivyo, jambo zito hulitakia karatasi nzito.

Kisha akasema neno ambalo nalisikia mpaka leo.

"Jina lake likoze, Zuhura. Macho ya watu yaanguke hapo kwanza."

Nikalikoza. Nikaliweka kwa herufi kubwa, nzito, MWANAIDI, na wino ukajaa tele hapo kuliko mahali pengine pote.

Wakati huohuo mlangoni palikuwa na mwalimu akingoja mitihani ya shule nzima. Mashine ilikwisha kuwekwa tayari kwa karatasi nyembamba. Kuibadilisha kulikuwa na maana ya kungoja ipate moto, nichape ukurasa mmoja, kisha ningoje tena itulie. Mwalimu anaitazama saa yake, anaguna. Mimi Zuhura Karatasi niguniwe! Nikachukua manila moja, nikaisukuma kwa nyuma, nikabonyeza vivyo hivyo... bila kubadilisha kitu.

Ikatoka. Nzuri, safi, inapendeza. Nikaishika kwa kidole gumba, na nilipokiondoa kidole kilikuwa cheusi.

Ndugu zangu wasomaji, nilikitazama kidole kile. Niliijua maana yake. Je, ingenigharimu nini kuchukua karatasi ya pili? Muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa! Badala yake nikaipuliza. Puuu... vumbi likaruka, nikafuta kidole kwenye buibui, nikamkabidhi mzee wasia wake.

Alinishukuru hata nikaona haya. Mashahidi wawili walikuwa wakimngoja kwenye baraza ya duka. Akatia sahihi kwa kalamu, nao wakatia kwa kalamu, kisha akaikunja mara tatu, akaitia mfukoni mwa kanzu. Mkunjo mmoja ulipita juu ya mstari wenye jina la Mwanaidi. Nilimwona akiukunja, akaupitishia ukucha ulale vizuri.

Miaka sita ikapita. Sitawadanganya kwamba niliiwaza karatasi ile. Niliisahau kabisa. Duka lilipanuka, nikapata kazi za kadi na vyeti, nikaletewa mpaka za watu wa Kilifi. Mwanaidi alikuwa akinipitia jioni jioni, tunacheka, ananiambia mzee leo kala, mzee leo hakula.

Ami Shee akafariki siku ya Ijumaa baada ya sala. Mwanaidi ndiye aliyemfumba macho.

Baada ya arubaini, warithi wakakutana pale nyumbani. Mkubwa wao alikuwa Famau, mtoto wa nduguye marehemu, aliyetoka visiwani. Wazee wa mtaa walikuwepo, na Maalim Sudi, jirani, aliyekuwa mmoja wa wale mashahidi wawili. Shahidi wa pili alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Sisi wanawake tulikaa kwenye mkeka, karibu na mlango wa ndani.

Wakafungua mkebe wa biskuti aliokuwa akiwekea makaratasi yake. Mwanaidi akanishika mkono. Hakujua kilichomo, maskini, lakini nilimwambia kwa sikio asiogope, kuna neno zuri linakuja. Ndiyo, mimi ndiye niliyemwambia hivyo!

Maalim Sudi akaikunjua ile manila, akaanza kusoma. Akafika kwenye mkunjo mmoja. Akaisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali. Kisha akasoma kwa sauti ndogo kwamba vyumba viwili vya nyuma pamoja na ua wake, marehemu anavitoa kwa wasia viwe vya... na hapo hapana kitu. Mstari mzima wa mkunjo ulikuwa mweupe, umebaki ukungu wa kijivu tu. Chini yake maandishi yakaendelea, kwamba visidaiwe na mrithi yeyote. Sahihi tatu za kalamu zilikuwepo, nyeusi, hazikupungua hata nukta.

Nilijua papo hapo. Nilikiona kidole changu cha siku ile.

Famau akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akasema ami yake alimwambia zaidi ya mara moja kwamba vyumba vile angependa viende madrasa. Akasema wino haufutiki wenyewe mstari mmoja, palepale penye jina, ukaacha mistari mingine yote. Nani alikuwa akikaa na mkebe huu? Nani alikuwa na nafasi ya kulikwangua jina la madrasa, akitumaini mahali pakiwa wazi atajidai ni pake?

Nyumba nzima ikamgeukia Mwanaidi.

Maalim Sudi akaulizwa. Akakiri kwa aibu kwamba alitia sahihi kwa heshima ya Shee, hakusoma, maana kusoma wasia wa mtu mzima mbele yake aliona ni kama kumtilia shaka. Basi pakabaki mtu mmoja tu duniani anayejua palikuwa na jina gani.

Maalim aliuona wasia ukitoka dukani kwangu, basi mzee wa mtaa akanigeukia. Aliniuliza kwa upole, hata leo upole wake waniuma. Alitaka kujua kwanza kama karatasi ile ilitoka dukani kwangu ikiwa na kasoro yoyote.

Nikawatazama wale watu. Kila mmoja mle ndani alikuwa mteja wangu. Kadi za harusi za binti wa huyu, vyeti vya mtoto wa yule. Nikisema maandishi hayakushika, kesho kila mtu atakwenda kuvikunjua vyake. Watacheka, Zuhura Karatasi! Mwanaidi alikuwa bado amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa umetulia, hautetemeki. Alikuwa na hakika nami.

Nikasema, "Ilitoka kwangu safi. Kazi yangu haina kasoro."

Ni maneno machache hayo tu. Lakini kama ilitoka safi, basi ilikwanguliwa. Na kama ilikwanguliwa, ni nani kama si yeye? Nilipoulizwa jina lililokuwepo, nikasema nachapa mengi, sikumbuki. Na ilhali maandishi yenyewe yalikuwa bado ndani ya kompyuta yangu, mpaka leo yamo!

Mwanaidi akauachia mkono wangu. Hakulia, hakuapa. Alinitazama kidogo, kisha akatazama mkeka.

Nilidhani yataishia hapo. Nilijidanganya kwamba mambo yakipoa nitatafuta njia ya kumsaidia kwa siri. Lakini neno la kula haki ya madrasa si neno la kupoa. Wanawake walimwachia nafasi pana kwenye mkeka wa kila matanga aliyokwenda. Mama mmoja aliyekuwa akimpa kazi ya kushona alimrudishia kitambaa bila kusema sababu. Ami Shee hakuwa na mwezi wa tatu kaburini, yule aliyemwosha miguu akaitwa mkwanguaji.

Siku anahama, alipita mbele ya duka langu na mfuko mmoja wa nguo. Nilijiinamisha nyuma ya mashine nikajifanya natafuta waya! Nikasikia kandambili zake zikisimama mlangoni, zikakaa... kisha zikaenda. Kwa wasia uliokosa jina, vyumba vikarudi kwa warithi. Madrasa haikupata hata kitasa cha mlango. Famau akaiuza nyumba yote na kurudi zake, na mwenye kununua akaibomoa.

Tangu hapo sikuwa na raha. Mchana kweupe, wateja wamejaa, nikisikia harufu ile ya wino ukipata moto namsikia mzee akitweta pale kwenye kiti. Jina lake likoze, Zuhura. Nikageuka, kiti ni kitupu. Nikikanda unga, nakiona kidole gumba cheusi. Nakisugua kwa jivu, kwa ndimu, na mtu mwingine akikitazama haoni chochote. Nilinunua printa mpya, nzuri zaidi, ile ya zamani nikaifunika gunia pembeni. Haikunisaidia.

Nikaanza kujitetea moyoni. Labda si mimi. Labda alikwangua kweli, ati! Binadamu humjui. Nilifika hapo, ndugu zangu, kumshuku niliyemdhulumu ili mimi nipate kulala.

Asubuhi moja nikaliondoa lile gunia. Nikawasha mashine ile, nikafungua maandishi ya wasia, nikaweka manila ya rangi ya maziwa kwa nyuma, nikachapa bila kubadilisha kitu, kama siku ile. Nikaipuliza, nikaikunja mara tatu, nikaupitishia mkunjo ukucha. Nikaiweka chini ya godoro kwa wiki mbili tu, si miaka sita.

Nilipoikunjua, jina lote la Mwanaidi lilianguka mapajani mwangu. Lilianguka vipande vipande, magamba madogo meusi juu ya leso, na lilianguka kabla ya maneno mengine kwa sababu mzee aliniomba nilikoze. Nililia mpaka jirani akaja kugonga mlango kuniuliza nani kafa.

Nikaanza kumtafuta. Nikaambiwa yuko Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, anapakia magunia. Nikachapa nakala nyingine ya wasia, safari hii kwa moto unaostahili, nikaisugua kwa kidole, kwa kitambaa, kwa ukucha. Haikutoka hata chembe. Nikaibeba, nikaenda.

Nilimkuta wakati wa mapumziko, ameketi juu ya gunia tupu, leso kichwani, midomo imepasuka na jua. Mikono yake ilikuwa imechanika na chumvi, nyufa mpaka kwenye viganja. Sikumtambua mpaka aliponiitikia salamu. Sauti ilikuwa ile ile.

Nikapiga magoti kwenye tope lile jeupe. Nikamwambia yote, mwalimu wa mitihani, moto, kidole, kupuliza. Nikampa karatasi. Akaisoma polepole. Alipofika kwenye jina lake akaliwekea kidole kilichochanika, akasugua mara moja, mara mbili, akakitazama kidole. Kilikuwa cheupe kwa chumvi.

"Hii imeshika," akasema. "Ile nilijua haikushika tangu siku ileile ulipoichapa. Nilifua kanzu ya Baba jioni, mfuko wake ulikuwa mweusi kwa ndani. Sikujua ni karatasi gani, mpaka walipoikunjua."

Alijua! Alipokuwa amenishika mkono pale kwenye mkeka, alijua, na alikuwa akiningoja. Nikamwuliza, kwa nini hukusema? Akanijibu kwamba neno lake lilikuwa la mtu anayetuhumiwa, nani angelisikia? Neno lililokuwa na uzito ni la fundi. Na hata alipohama, alisimama mlangoni kwangu kunipa nafasi ya mwisho.

Nikaanza kuomba msamaha, naomba nalia, nalia naomba. Akanirudishia karatasi.

"Wale wazee umeshawaambia?"

Nikasema bado. Nimeanza na wewe.

"Mimi nilikuwa najua, Zuhura. Wasiojua ni wao."

Akainuka, akajifunga leso yake, akarudi kwenye chumvi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilirudi Malindi na sikupita hata nyumbani. Nilimwomba mzee wa mtaa awaite walewale waliokuwepo, nikaeleza mbele yao, na ile manila iliyomwaga jina nikaikunjua mbele ya macho yao. Maalim Sudi alijifunika uso kwa kilemba. Watu wazima walitumwa Marereni kumtaka radhi Mwanaidi na kumwomba arudi. Alirudisha salamu tu. Pale palipokuwa na nyumba yao pana ghorofa sasa, na sisi sote tunapita chini yake.

Wateja walinikimbia, kisha wengi wakarudi. Nilichokiogopa kiasi cha kumtoa kafara rafiki yangu kilikuwa ni kicheko cha miezi miwili! Sasa kila karatasi itokayo mashineni naisugua kwa kidole gumba mbele ya mwenyewe kabla sijampa, hata iwe mtihani wa mtoto wa chekechea. Watu wadhani ni umakini. Wanisamehe, mimi natafuta kama kidole kitatoka cheusi.

Nimeandika haya kwa kalamu kwa sababu siku ile kalamu ndiyo iliyosema kweli, na mashine yangu na ulimi wangu vilidanganya. Nawasihi wenzangu mnaotegemewa kwa kazi zenu, fundi wa nguo, wa nyaya, wa dawa, wa karatasi, msipulize kosa likaruka. Litatua juu ya mtu. Na wewe ambaye umeshakosea na mwenzio ananyoshewa kidole kwa ajili yako, usiende kwake kwa siri ukalie magotini. Nenda kaseme palepale ulipodanganya, mbele ya walewale, leo hii. Yuko mtu amesimama mlangoni pako, anakungoja useme.